Mstari wa Maji Nyuma ya Kabati

Hotuba kwa watu wa mabenki, bima, mifuko ya pensheni na biashara

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa meza kuu, wenzangu katika kazi ya fedha na biashara, mabibi na mabwana. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwa mada mliyonipa, ya fedha na mabadiliko ya tabianchi, maana nimeibeba moyoni kwa miaka mingi.

Niruhusuni nianze na jalada moja la mkopo. Nilikuwa afisa mikopo, umri bado mdogo, nikatumwa kukagua kiwanda kilichoomba mkopo wa miaka 10 wa kununua mashine mpya. Hesabu zake zilikuwa safi. Hati ya kiwanja ipo, mdhamini yupo, wateja wapo. Nikafika ghalani kuhakiki namba za mashine za zamani, na moja ilikuwa imezibwa na kabati la chuma. Mlinzi, mzee wa makamo, akalisogeza ili nisome. Nyuma ya kabati, ukutani, palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, unanifika kifuani. Nikamuuliza, "Mzee, hii ni nini?" Akanijibu, "Hapo ndipo maji yalipofika mwaka ule, mwanangu." Akarudisha kabati mahali pake. Mimi nikaandika namba ya mashine.

Ule mstari sikuuandika. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya thamani ya jengo, thamani ya ardhi, umri wa mashine, hata jina la mke wa mdhamini. Nafasi ya maji haikuwapo. Kamati ya mikopo ikapitisha jalada kwa dakika chache, na sahihi ya kwanza ilikuwa yangu.

Mwaka wa tatu wa mkopo, mto ukarudi. Kampuni ya bima ililipa, na tukamshukuru Mungu. Lakini mwaka uliofuata, mteja alipokwenda kuhuisha bima yake, akakuta kipengele kipya: mafuriko hayamo. Hakuna aliyevunja sheria. Bima ile ilikuwa ya mwaka mmoja, na mwaka ulikuwa umekwisha. Mkopo wetu ulikuwa bado na miaka sita mbele. Maji yalipokuja tena, hapakuwa na wa kulipa. Mkopo ukawa chechefu, yaani haukulipika tena, mashine zikapigwa mnada kwa bei ya vyuma chakavu, na watu waliokuwa wakipata riziki pale wakatawanyika.

Nimewasimulia hili kwa sababu humo ndani ya ghala lile mna karibu kila kitu ninachotaka kusema leo. Tumezoea kudhani kwamba sisi watu wa fedha tunafanya biashara ya fedha. Sivyo. Tunafanya biashara ya muda. Mkopo ni muda uliouzwa, bima ni muda uliokingwa, pensheni ni muda uliowekwa akiba. Na mabadiliko ya tabianchi, ukiyatazama kwa jicho la mtu wa hesabu, ni tatizo la muda tangu mwanzo hadi mwisho: hewa ya ukaa inayotoka leo kwenye bomba la kiwanda, sehemu yake itabaki angani kwa mamia ya miaka, wakati taarifa yetu ya hesabu inafungwa kila baada ya miezi 3. Kila mmoja wetu anapima kwa rula yake fupi, na madhara yote yanaangukia pale ambapo rula za wote zimeishia.

Wala si kwamba hatukuambiwa. Munich Re, kampuni kubwa ya Ujerumani inayozikatia bima kampuni nyingine za bima, ilianza kuonya tangu mwaka 1973 kwamba hali ya hewa inabadilika na kwamba hasara za mafuriko zitaongezeka. Septemba 2015, Mark Carney, wakati huo akiwa Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alisimama mbele ya watu wa bima wa Lloyd's jijini London akawaeleza jambo hilihili: kwamba madhara makubwa ya tabianchi yako mbali kuliko upeo wa macho ya mabenki, wanasiasa na hata wasimamizi wa fedha, na siku yatakapofika karibu kiasi cha kuonekana, huenda tukawa tumeshachelewa.

Yalianza kuonekana upesi kuliko wengi walivyotarajia. Novemba 2018, moto wa msituni uliowashwa na nyaya za umeme za kampuni ya PG&E huko California uliua watu 85 na kuuteketeza karibu wote mji wa Paradise. Januari 2019 kampuni hiyo, mojawapo ya kampuni kubwa za umeme nchini Marekani, ikaomba kinga ya mufilisi. Miaka michache baadaye, Mei 2023, kampuni ya bima ya State Farm ikatangaza kwamba haitauza tena bima mpya za nyumba katika jimbo hilohilo. Fikirini maana yake kwa mtu wa benki. Mkopo wa nyumba kule huwa wa miaka 30. Bima ya nyumba ni ya mwaka mmoja. Bima ikiondoka, dhamana iliyo kwenye vitabu vya benki inabaki namba tu. Ni ghala langu lile lile, ila sasa ni jimbo zima.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wenzangu wa mabenki na bima ni kuacha kutembea kama watu wasiofahamiana. Mwenye bima anajua mengi kuhusu maji na moto kuliko sisi, kwa sababu amelipa fidia. Sisi tunajua mengi kuhusu mteja, kwa sababu tumeingia hadi ghalani kwake. Hizo taarifa mbili zikikutana kabla mkopo haujatoka, mteja anaweza kuambiwa mapema: inua sakafu, hamisha mashine, jenga ukingo, na sisi tutakuongezea fedha za kufanya hivyo. Kiwanda kile kingeweza kuokolewa kwa gharama ya ukingo na ngazi mbili tatu za zege.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio mzito kuliko wote, na ndio unaozungumzwa kidogo kuliko wote. Nazungumzia riba.

Tufanye hesabu pamoja. Mtu anataka kujenga kituo cha umeme wa jua cha dola milioni 100, kwa mkopo wa miaka 20, marejesho sawa kila mwaka. Akikopeshwa kwa riba ya asilimia 5, atalipa karibu dola milioni 8 kwa mwaka. Akikopeshwa kwa asilimia 15, atalipa karibu milioni 16. Paneli ni zilezile, mafundi ni walewale, jua ni lilelile. Lakini umeme wa huyu wa pili utagharimu karibu mara mbili, na kilichouongezea bei ni fedha peke yake.

Kisha mlinganisheni na jirani yake aliyenunua jenereta kubwa za dizeli. Mashine zake ni rahisi kununua. Kinachomgharimu ni mafuta, na mafuta anayalipa siku kwa siku kutokana na kile wateja wanachomlipa. Riba haimgusi sana. Mwenye jua hana mafuta ya kununua. Yeye ananunua umeme wa miaka 20 kwa mkupuo, siku ya kwanza. Ndiyo maana riba inapopanda, anayeumia zaidi ni yule msafi. Tunaweza kukaa katika mikutano tukailaumu dizeli hadi usiku wa manane, kumbe ni sisi wenyewe, kwa kalamu zetu, tuliomfanya mwenye jua ashindwe.

Na si hadithi ya kubuni. Bei ya paneli za jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 ndani ya mwongo mmoja kuanzia mwaka 2010. Wahandisi wamefanya kazi yao, na wameifanya kwa namna ambayo inastahili heshima yetu. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 uwekezaji katika nishati duniani ungepita dola trilioni 3, na kati ya hizo karibu trilioni 2 zingeenda kwenye teknolojia safi na miundombinu yake. Ni fedha nyingi mno. Lakini tazameni zinakokwenda: sehemu kubwa inaishia China, Ulaya na Marekani. Afrika, yenye asilimia 60 ya maeneo bora kabisa ya jua duniani kwa hesabu ya shirika hilohilo, ilikuwa na takriban asilimia 1 tu ya mitambo ya umeme wa jua iliyofungwa. Jua halijakosekana. Kilichokosekana ni mkopo wa bei nafuu, kwa sababu katika nchi zinazoendelea gharama ya mtaji wa mradi kama huu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya nchi tajiri.

Najua mtakachonijibu, maana nilikuwa nakijibu mimi mwenyewe: riba ni kubwa kwa sababu hatari ni kubwa. Kweli, hatari zipo. Sarafu inaweza kuporomoka wakati mkopo ni wa dola na wateja hawalipi kwa dola. Shirika la umeme la serikali linaweza kuchelewesha malipo. Sera inaweza kugeuka uchaguzi ukipita. Lakini hatari hizi zinaweza kugawanywa, kila moja ikabebwa na anayeiweza. Benki ya maendeleo inaweza kukaa mstari wa mbele wa hasara ili benki ya biashara ithubutu kuingia. Mdhamini mwenye mizania kubwa anaweza kubeba hatari ya sarafu. Bima ya hatari za kisiasa ipo tangu zamani. Kazi hiyo ina jasho, na ndiyo kazi yetu hasa. Kumpandishia mteja riba tukaondoka ni njia ya mkato, na miaka mingi nimeiona ikiitwa uangalifu.

Kuna mfano mmoja unaonipa moyo, na unatoka kisiwa kidogo. Septemba 2004 kimbunga Ivan kiliipiga Grenada, na hasara yake ilikadiriwa kuwa karibu mara mbili ya pato lote la taifa la mwaka. Nchi ilibaki na mapaa yaliyong'oka na madeni yaleyale, tarehe zilezile za kulipa. Waliporudi mezani kupanga upya madeni yao mwaka 2015, wakaingiza kipengele kinachosema kwamba kimbunga kikubwa kikipiga, marejesho yanasimama kwa muda. Wengi walikiona kama pambo la kisheria. Julai 2024 kimbunga Beryl kikakipiga kisiwa cha Carriacou na kuharibu karibu kila nyumba. Mwezi uliofuata kipengele kikaanza kazi: malipo ya hati fungani, yaani hati za deni ambazo serikali iliwauzia wawekezaji, yakaahirishwa, na fedha zikabaki nyumbani wakati watu wanazihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Wakopeshaji hawakufilisika. Sentensi chache katika mkataba zilitosha. Najiuliza kwa nini kila mkataba wa mkopo tunaouandika kwa mkulima, kwa mvuvi, kwa kiwanda cha kando ya mto, usiwe na sentensi kama zile.

Sasa kuhusu ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, na ukumbi huu umejaa watu wanaojua deni ni kitu gani. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 kuzisaidia nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, miaka miwili baada ya tarehe yake, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizotolewa ilikuwa mikopo. Mtu aliyekopeshwa ili ajikinge na moshi wa jirani yake atalipa mara mbili. Mwaka 2024 huko Baku ikatolewa ahadi mpya ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Mimi ningeipokea ahadi hiyo kama tunavyopokea barua ya mteja aliyewahi kuchelewa: kwa heshima, na kwa ratiba ya marejesho iliyoandikwa.

Sisi wa sekta binafsi nasi hatuna cha kujivunia sana. Aprili 2021 mabenki yaliunda muungano, chini ya Umoja wa Mataifa, wa kufikisha hesabu ya gesi joto zinazotoka kwa wateja wao wa mikopo kwenye sifuri ifikapo 2050. Ulipopanuka ulikuwa na mabenki zaidi ya 140. Upepo wa siasa ulipogeuka Marekani, mabenki makubwa ya kule yakajitoa moja baada ya jingine mwishoni mwa 2024 na Januari 2025, na kufikia Oktoba 2025 muungano ukasitisha shughuli zake. Sisemi haya kwa furaha. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi ulipozinduliwa. Ila nimejifunza kwamba ahadi isiyo na adhabu wala tarehe ya karibu haiwezi kushindana na bonasi ya mwisho wa mwaka. Mkurugenzi aliyeahidi mwaka 2050 atakuwa amestaafu. Mwekeni lengo la mwaka ujao, lifungeni kwenye malipo yake, na mtaona.

Kinachonipa tumaini zaidi kuliko miungano ni uhasibu, na naomba wahasibu waliopo wasidhani nawapaka mafuta. Juni 2023 Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na S2. Kwa lugha nyepesi vinaitaka kampuni ieleze, pamoja na taarifa yake ya fedha, tabianchi inaweza kuidhuru wapi, inaweza kuifaidi wapi, na inatoa gesi joto kiasi gani, zikiwemo zile za wasambazaji na wateja wake. Nchi nyingi zimeanza kuviingiza katika sheria zake. Jambo likishaingia kwenye taarifa inayokaguliwa, linapata mwenyewe. Mtu anatia sahihi. Na mtu akitia sahihi, usingizi unampungua, kama ulivyonipungua mimi.

Tena bila ukaguzi, rangi ya kijani inapakwa bure. Mwaka 2008 Benki ya Dunia ilipotoa hati fungani yake ya kijani ya kwanza, kwa kuwa mifuko ya pensheni ya Sweden ilitaka mahali salama pa kuweka akiba panaposaidia mazingira, wanasayansi waliitwa kuangalia vigezo vya miradi. Huo ndio ulikuwa msingi: fedha inafuatwa hadi mwisho wake. Tukiuacha msingi huo tunaishia kama ilivyotokea Septemba 2023, DWS, kampuni ya Ujerumani inayosimamia fedha za wawekezaji, ilipotozwa dola milioni 19 na mamlaka ya dhamana na mitaji ya Marekani kwa kuwaeleza wawekezaji mambo ya uendelevu ambayo ndani ya ofisi hayakuwa yakifanyika vile. Aliyeumizwa pale ni mstaafu aliyeamini kwamba akiba yake inafanya kazi njema.

Nina neno kwa wanunuzi wakubwa pia, maana lawama zote zisibaki kwa mabenki. Nyinyi mnamtumia msambazaji mdogo dodoso la kurasa 40 mkitaka hesabu ya gesi zake, mpango wake wa maji, cheti cha misitu. Ni haki yenu. Lakini mkataba mnaompa ni wa miezi 6. Anawezaje kufunga tanuru jipya linalohitaji miaka 8 kulipa gharama yake? Akija benki, tunamuuliza soko lake liko wapi baada ya miezi 6, naye anakosa jibu. Mpeni mkataba wa miaka 5 au 7 wenye bei inayoeleweka, nasi tutaupokea kama dhamana. Miradi mingi ya jua na upepo duniani imejengwa juu ya karatasi moja tu: mkataba wa muda mrefu wa kununua umeme. Kwa nini pamba, saruji au mboga visipate karatasi kama hiyo?

Sitaki niondoke nikiwa nimewapa picha kwamba fedha inaweza yote. Chukueni saruji. Ukichoma mawe ya chokaa ili kupata saruji, hewa ya ukaa inatoka ndani ya jiwe lenyewe, hata kama moto wako ni wa jua. Viwanda vya saruji vinatoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu, na hakuna riba nafuu inayobadili kemia. Hapo panahitaji utafiti, na panahitaji sheria inayomfanya anayechafua alipe. Na sheria yenyewe ikiwa legelege haisaidii: Umoja wa Ulaya ulipoanzisha soko lake la vibali vya kaboni, yaani vibali vya kutoa hewa ya ukaa, mwaka 2005, vibali viligawiwa vingi mno, na kufikia 2007 bei ya vibali vya awamu ile ya kwanza ilikuwa imeanguka karibu na sifuri. Walipokaza idadi miaka ya baadaye, bei ikapanda na makaa ya mawe yakaanza kushindwa sokoni. Wafanyabiashara wengi niliozungumza nao faraghani hawaogopi sheria kali. Wanaogopa sheria inayobadilika kila msimu. Basi waseme hivyo hadharani, na vyama vyao viache kwenda kwa wabunge usiku kuomba kinyume cha kile wenyeviti wao wanachokiahidi mchana.

Nirudi ghalani, kisha niketi.

Miaka mingi baada ya lile jalada, nilipopata nafasi ya kusimamia wengine, niliomba fomu yetu ya ukaguzi iongezwe swali moja. Kulikuwa na ubishi mrefu. Wapo waliosema linachelewesha kazi, wapo waliosema si la kibenki. Likapita. Linasomeka hivi: "Maji, moto au ukame uliwahi kufika wapi hapa, na nani amekuonyesha?" Ile sehemu ya mwisho niliipigania mwenyewe, kwa sababu mwenye kiwanda anaweza kusahau, na mthamini anaweza kupita haraka. Afisa analazimika kumtafuta mlinzi, mfagiaji, jirani, mtu aliyekuwapo. Kwenye majalada yaliyofuata nilianza kuona majibu ya mwandiko wa haraka: hadi kwenye dirisha, upande wa jikoni, kisima kilikauka miezi minne, moto uliishia kwenye ule mwembe. Baadhi ya mikopo hiyo tuliitoa ikiwa na fedha za ukingo ndani yake. Mingine tuliitoa kwa muda mfupi zaidi. Miwili tuliikataa, na mmoja wa waliokataliwa alirudi baada ya mwaka akiwa amenunua kiwanja cha mlimani, tukamkopesha.

Asanteni kwa kunisikiliza.